Trekta ya Zamani na Mwendo Wake

Katika milima yetu ya Mushaki jembe la mkono ndilo bwana wa shamba. Miteremko ni mikali, na mahali pengi hata ng'ombe hupanda kwa kuzungukazunguka. Kwa hiyo trekta si kitu cha kila mji. Lakini zipo familia, hapa Masisi na penginepo katika Kivu, zilizorithi trekta kuukuu iliyonunuliwa zamani na baba au babu. Mara nyingi haivuti tena jembe la kulimia. Imesimama uani, na kazi yake ni kuvuta tela siku ya soko, au kuzungusha kinu cha mahindi kwa mkanda.

Trekta ya namna hiyo ni mali kubwa. Siku inapokataa kazi, unga hausagwi, karo ya watoto hailipwi, na ndugu huanza kugombana. Huyu asema iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, yule asema itengenezwe, na wa tatu amekwisha kuchukua betri.

Na ugonjwa unaosumbua sana matrekta ya zamani ni ugonjwa wa mwendo wa injini. Mara injini yakimbia mno, mara yalegea kazini, mara yapanda na kushuka kama mtu mwenye homa ya vipindi. Watu hutikisa kichwa na kusema: "Imezeeka, imekufa." Je, ni kweli?

Katika makala hii twataka kueleza kwanza historia yenyewe: ni nani aliyeifundisha mashini kushika mwendo mmoja, na kwa nini kazi hiyo ilikuwa ngumu. Kisha tutatazama habari za mashamba ya karanga ya Kongwa, katika Tanganyika, mahali ambapo matrekta mengi yalikufa kabla ya wakati wake, na habari za mashamba ya nchi yetu baada ya 1973. Mwisho tutaona mambo hayo yatufundisha nini sisi wenye trekta moja tu, tena ya urithi.

MIPIRA MIWILI YA CHUMA

Zamani huko Ulaya watu wengi walisaga nafaka kwa vinu vya upepo. Upepo una taabu yake: haukai sawa. Ukivuma kwa nguvu, jiwe la kinu huzunguka mbio na kuharibu unga. Ukitulia, jiwe hulegea. Msagaji alilazimika kusimama karibu siku nzima, akirekebisha mawe kwa mkono. Basi wenye vinu wakatafuta akili ya kuufanya mtambo ujirekebishe wenyewe. Mwaka 1787 Mwingereza Thomas Mead alipata hati ya serikali ya kulinda haki ya chombo cha namna hiyo, chenye vitu vizito vinavyozunguka.

Mwaka uliofuata, yaani 1788, James Watt, fundi maarufu kutoka Uskoti, alikitia chombo hicho katika mashini ya mvuke. Mwenzake wa biashara, Matthew Boulton, alikuwa amekiona kikifanya kazi katika kinu kikubwa cha Albion, London, akamwandikia habari zake. Tena tazameni: jambo hili lilizaliwa kinuni, kwa ajili ya unga wa watu. Hata leo, trekta inayozungusha kinu cha mahindi hutumia akili ileile.

Chombo chenyewe ni rahisi kukieleza. Vijiti viwili, kila kimoja na mpira wa chuma mwishoni, vimefungwa katika mti wa katikati unaozungushwa na mashini. Mashini ikienda mbio, mipira hutawanyika na kupanda juu, kama vile sketi ya mcheza ngoma inavyotanuka anapozunguka. Kupanda kwake huvuta fimbo, na fimbo hufunga kidogo mlango wa mvuke. Mashini ikilegea, mipira hushuka, na mlango hufunguka tena. Basi mashini yajichunga yenyewe, bila mtu kusimama kando yake.

Mafundi wa Afrika ya Mashariki hukiita chombo hicho gavana. Sisi wa Kongo, tuliojifunza ufundi kwa Kifaransa, twakiita regilateri. Jina si kitu. Kazi ni moja.

Katika trekta ya dizeli, ambayo mafuta yake sisi huyaita mazutu, gavana haifungi mvuke bali hupima mafuta. Mara nyingi imefichwa ndani ya pampu ya kupigia mafuta, na badala ya mipira ina vipande vidogo vya chuma vinavyoshindana na springi. Mahindi mengi yakimiminwa kinuni, injini hutaka kulegea. Gavana huongeza mafuta. Mahindi yakiisha, injini hutaka kukimbia; gavana hupunguza.

Hapo pana jambo moja ambalo waendeshaji wengi hawalijui. Yule mkono wa mafuta ulio karibu na usukani haumimini mafuta moja kwa moja ndani ya injini. Huo hukaza au hulegeza springi, ndiyo kusema waiambia gavana: "Nataka mwendo huu." Kazi ya kupima mafuta ni ya gavana mwenyewe. Kwa hiyo mtu anayesukuma mkono mbele, na injini isiongeze mwendo, asidhani mara moja kwamba injini imekwisha. Huenda amri yake haikufika, au imefika na mafuta hayapo.

MWANAFUNZI WA CHUKUDU

Watt alifaulu, lakini hadithi haikuishia hapo. Katika karne ya 19 mashini zilizidi kutengenezwa vizuri, na gavana zikazidi kuwa nyepesi na zenye hisia kali. Hapo mafundi wakaona jambo la ajabu: mashini nyingine, badala ya kutulia, zilianza kuyumba. Mwendo ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, bila kukoma. Gavana iliyowekwa ili kuleta utulivu ndiyo iliyoleta fujo.

Ili kufahamu sababu yake, tumtazame kijana anayeteremka na chukudu kutoka Mushaki kwenda Sake. Chukudu yake ya mbao imebeba magunia ya viazi. Hana breki ila kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, anachokikanyaga kwa mguu. Kijana mzoefu hukanyaga kidogo mapema, akaachia kidogo mapema, na chukudu yashuka kwa mwendo mmoja. Lakini mwanafunzi hungoja mpaka chukudu imekimbia mno. Ndipo anakanyaga kwa nguvu zake zote, nayo karibu isimame. Anaogopa, anaachia kabisa, nayo yakimbia tena. Nguvu anayo, nia anayo. Kosa lake ni kuchelewa: mguu wake hujibu jambo lililokwisha kupita.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa gavana. Ikijibu kwa kuchelewa, na kwa nguvu mno, mwendo hauwezi kutulia. Mwaka 1868 James Clerk Maxwell, Mskoti mwingine na mmoja wa wataalamu wakubwa wa fizikia wa karne ile, aliitolea Jamii ya Kifalme ya London maandishi juu ya gavana. Alionyesha kwa hesabu ni hali gani inayofanya mtikisiko mdogo ufe wenyewe, na ni hali gani inayoufanya uendelee kukua. Kazi hiyo leo yahesabiwa kati ya misingi ya elimu ya kuongoza mitambo.

Msomaji atauliza: hesabu za Maxwell zina faida gani kwa trekta ya uani? Zina faida kubwa. Zatuambia mahali pa kutazama. Injini inayopanda na kushuka haina budi kuwa na kitu kinachochelewesha jibu. Katika trekta ya miaka hamsini au sitini, vichelewesho ni vingi: kiungo cha fimbo kilicholika na kulegea, fimbo iliyoshika kutu, springi iliyochoka, uchafu unaofanya kipima mafuta kigande ndani ya pampu, au hewa iliyoingia katika njia ya mafuta. Hewa hujikunyata inapobanwa, lakini mafuta hayajikunyati. Kwa hiyo pampu ikisukuma hewa pamoja na mafuta, amri haifiki kwa wakati.

KUTOKA KARANGA HADI FERGUSON

Sasa tuseme kidogo juu ya injini yenyewe. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alifaulu kuonyesha injini yake mwaka 1897. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, injini moja ndogo ya namna yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ilikuwa imefikiri kwamba makoloni yake ya Afrika, yenye karanga nyingi, yangeweza kupata nguvu za mashini kutoka katika mashamba yao wenyewe. Msomaji alishike neno hili la karanga, maana tutakutana nalo tena kwa njia ya kusikitisha. Diesel mwenyewe alipotea baharini mwaka 1913, akisafiri kwenda Uingereza. Kuanzia 1927 kiwanda cha Robert Bosch kilitengeneza kwa wingi pampu za kupigia mafuta, na kwa pampu hizo injini ya dizeli ikawa ndogo ya kutosha kuingia katika malori na matrekta.

Henry Ford wa Marekani alianza kuuza trekta yake ya Fordson mwaka 1917, na kwa bei nafuu akaifikisha kwa wakulima wengi. Lakini trekta iliyojulikana sana kwa familia za wakulima wadogo ilikuwa ile ya kijivu ya Harry Ferguson, mtu wa Ireland. Trekta hiyo, TE20, ilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, na zaidi ya 500,000 zilitoka kiwandani. Kwanza ilitumia petroli. Mwaka 1951 ikaja ya dizeli. Ilikuwa ndogo na nyepesi, na jembe lake liliinuliwa kwa nguvu ya mafuta yaliyobanwa. Tarehe 4 Januari 1958 Edmund Hillary, yule aliyefika kilele cha Everest mwaka 1953, alifika Ncha ya Kusini ya dunia kwa matrekta ya Ferguson yaliyofungwa minyororo. Baadaye jina likawa Massey Ferguson, na mwaka 1964 ikatoka 135, ambayo hata leo yaonekana katika mashamba mengi ya Afrika.

Basi trekta ndogo iliweza kufika mahali pa barafu pasipo na njia. Wakati uleule wa kuzaliwa kwake, matrekta makubwa kuliko hiyo yalikuwa yakifa katika Afrika yetu.

YALIYOTOKEA KONGWA

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikosa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe kwa mashini katika Afrika ya Mashariki. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ukaizunguka nchi kwa muda mfupi, na serikali ikakubali. Mpango ulikuwa mkubwa kupita kiasi: ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa katika Tanganyika. Watu wa kwanza walifika Kongwa, katika nchi ya Wagogo, mwanzoni mwa 1947.

Matrekta mapya hayakupatikana haraka, kwa kuwa dunia nzima ilikuwa ikijenga upya. Basi wakanunua matrekta ya minyororo yaliyobaki katika maghala ya majeshi, mengine kutoka Filipino, yaliyokuwa yamekwisha kutumika vitani. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Bandari ya Dar es Salaam ililemewa na mizigo. Mafundi walikuwa wachache, vipuri havikufika kwa wakati, na waendeshaji walifundishwa kwa haraka. Ardhi ya Kongwa, mvua ikikoma, hukauka na kuwa ngumu kama tofali, na mchanga wake ulikula vyuma vya majembe. Kabla mwaka 1947 haujaisha, kama theluthi mbili za matrekta yaliyoletwa zilikuwa hazifanyi kazi. Walitumaini kupanda ekari 150,000 katika mwaka wa kwanza. Hazikufika hata 10,000.

Mvua nayo haikuwahurumia. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango ule, na kiasi cha pauni milioni 36 kikahesabiwa kuwa kimepotea. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea iling'olewa katika miaka ya 1960. Bandari ya Mtwara ilibaki, nayo yafanya kazi hata leo.

Hatusemi kwamba gavana za injini ndizo zilizoua mpango wa Kongwa. Sababu zilikuwa nyingi: mvua chache, ardhi isiyopimwa vizuri, haraka ya wakubwa, na wenyeji wasioulizwa. Wagogo waliijua mvua ya nchi yao. Lakini kuhusu matrekta twaweza kusema hivi: walinunua chuma kabla ya kuandaa maarifa ya kukitunza. Trekta lililotumika vitani halikuwa lazima life. Lilihitaji chujio safi, mafuta safi, mtu wa kusikiliza sauti yake, na kipuri kidogo kwa wakati wake. Yote manne yalikosekana pamoja.

NA KWETU JE?

Tusiwacheke Waingereza upesi. Nchi yetu ina Kongwa zake. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na biashara nyingi za wageni zitapewa raia wa Zaire. Neno la kurudisha mali kwa wenye nchi lilipendeza masikioni mwa wengi. Lakini mali ilitolewa mara nyingi kwa watu wenye vyeo, wasiojua kilimo wala mashini, na wafanyakazi waliojua kazi hawakupewa sauti. Punde bei ya shaba ikaanguka, fedha za kigeni zikakosekana, na vipuri navyo vikakosekana. Mitambo mingi ikasimama. Hapa Masisi mashamba makubwa ya walowezi yaligeuka, mengi yao, kuwa malisho ya ng'ombe ya watu wachache. Kisha vikaja vita vya 1993 vilivyoanza Walikale na kuenea Masisi, na vile vilivyofuata. Watu waliuawa na kukimbia, ng'ombe waliporwa, na vyuma vikang'olewa na kuuzwa.

Kwa sababu hiyo trekta kuukuu iliyosalia uani si kitu cha kudharau. Imepita katika mambo yaliyomaliza mashamba makubwa kuliko lile la mwenyewe. Ikifa sasa kwa sababu ya chujio chafu, itakuwa imekufa bure.

KUMPIMA MGONJWA

Basi tuieleze njia ya kuipima. Sheria ya kwanza ni hii: anza na kilicho rahisi na cha bei ndogo, umalize na kilicho kigumu na cha bei kubwa. Wengi hufanya kinyume. Hufungua pampu siku ya kwanza, hupoteza springi moja majanini, na ugonjwa mdogo hugeuka kuwa mkubwa.

1. Injini ikipanda na kushuka. Tazama mafuta kwanza. Je, mazutu yamenunuliwa katika chupa kando ya barabara? Yaache yatulie katika chombo safi usiku kucha. Maji na takataka zitashuka chini. Badili chujio. Tazama viungo vya bomba kama hewa yaweza kuingia, kisha toa hewa katika njia ya mafuta kwa kufungua skrubu zake kwa utaratibu mpaka mapovu yakome. Mara nyingi ugonjwa huisha hapa. Usipoisha, shika fimbo za mkono wa mafuta uzitikise kwa vidole: zikicheza sana katika viungo, au zikigoma kwa kutu, umepata kichelewesho. Pampu nyingine za zamani zina gavana inayotumia mvuto wa hewa na ngozi nyembamba ndani yake; ngozi hiyo ikikauka au kupasuka, mwendo hautulii, na injini yaweza hata kukimbia.

2. Injini ikilegea kazini. Tazama moshi. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi na hewa haitoshi: safisha chujio cha hewa. Injini ikilegea bila moshi mwingi, yaelekea mafuta hayafiki: chujio cha mafuta, bomba lililobonyea, au tundu la kifuniko cha tangi lililoziba. Nasi watu wa milimani tukumbuke jambo moja zaidi. Ziwa Kivu liko karibu metre 1,460 juu ya bahari, na milima mingi ya Masisi hupita metre 2,000. Katika kimo hicho hewa imepungua kama sehemu moja kwa tano kuliko pwani. Injini haiwezi kutoa nguvu zilezile zilizoandikwa katika kitabu chake. Dawa si kuongeza mafuta, maana utaongeza moshi na joto tu. Dawa ni kupunguza mzigo: mimina mahindi polepole.

3. Injini isipofika mwendo wake wa juu. Mtu mmoja asukume mkono wa mafuta hadi mwisho, na mwingine atazame kule kwenye pampu kama kile kishikio kimefika mwisho wake. Kisipofika, fimbo imepinda au imelegea, na kazi ni ya dakika chache. Lakini ile skrubu ya mwendo wa juu, yenye waya na muhuri, isiguswe. Kiwanda kiliifunga kwa sababu.

4. Injini ikikimbia bila kutii. Hii ndiyo hatari ya kweli. Huenda kipima mafuta kimeganda mahali palipo wazi, au injini imeanza kuunguza oili yake yenyewe, kwa mfano oili ikitiwa kupita kiasi katika chujio cha hewa. Mkanda waweza kukatika na kumpiga mtu, na vyuma vyaweza kuruka. Kwanza ondoa watu, hasa watoto, ambao hupenda kusimama karibu na kinu. Vuta kizimio. Kisipofaa, ziba mlango wa hewa kwa ubao mnene, kamwe si kwa mkono wala kwa nguo inayoweza kuvutwa ndani. Bila hewa injini hufa. Ikiwa vyuma vimeanza kugonga, usikaribie, kimbia nawe. Chuma hununuliwa, mtu hanunuliwi.

Mambo hayo manne yakiisha kutazamwa, na ugonjwa ungalipo, ndipo pampu ipelekwe kwa fundi wa pampu mwenye chombo cha kuipimia. Hapo fedha italipwa kwa haki, kwa sababu tumekwisha kujua kwamba ugonjwa uko ndani.

DAFTARI MOJA

Twaongeza shauri moja dogo. Kila trekta iwe na daftari lake. Ndani yake iandikwe: siku ya kubadili oili, siku ya kubadili chujio, mafuta yalinunuliwa wapi, nani aliiendesha, sauti gani ilisikika. Gharama yake ni ndogo kuliko lita moja ya mazutu. Lakini daftari hilo ndilo litakalowapatanisha ndugu. Yule asemaye "iuzwe" na yule asemaye "itengenezwe" watafungua kurasa zilezile, na kuhesabu fedha zilezile, badala ya kupigana kwa maneno. Tena baba akifa, mtoto hatarithi chuma tu. Atarithi na habari zake. Kule Kongwa fedha zilikuwa nyingi, na baada ya 1973 mashamba yalikuwa mengi. Kilichokosekana pande zote mbili ni maarifa yanayopita kutoka mkono hadi mkono.

Na binti wasiachwe nyuma. Mara nyingi mama na binti ndio wanaopeleka mahindi kinuni, nao husikia mapema kuliko wote kwamba sauti ya injini leo si ile ya jana. Wafundishwe maana ya sauti hiyo, na waandike katika daftari.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika trekta ya zamani ufa wenyewe ni tone la maji katika mazutu, au kiungo kilicholegea upana wa ukucha. Wasomaji wapenzi, mwenye trekta ya urithi aende leo akaitazame, kabla msimu wa mavuno haujafika na foleni ya magunia haijajipanga mlangoni.